Strat yanguruma: nipige foili, nitie hambaka ama ninunue pedali ya geti?

Bin_Tudor
Asalaam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Nina gitaa la stima, copy ya Strat ya Fender, pikapu tatu (zile sumaku zenye waya zidakazo sauti ya nyuzi) za singo koili, yaani koili moja moja, sauti yake safi naipenda sana lakini kelele imenichosha. Nikiwa nyumbani hapa Tudor, Mombasa, nikiwasha ampu tu laanza nnnnnn, na juu ya hiyo nnnn kuna zzzz kama nyuki waliofungiwa koponi. Nikikanyaga ovadraivu, ile pedali ya kukwaruza sauti, ndiyo usiseme, jirani aliniuliza kama nimenunua jenereta. Wikendi twapiga hoteli moja upande wa Bamburi, muziki wa bango wa huku Pwani na zilizopendwa, huko ni afadhali kidogo lakini wimbo ukiisha watu wasikia mngurumo wangu tu.

Pesa niliyo nayo yatosha kitu kimoja. Kuna foili ya shaba ya kubandika ndani ya mwili, kuna kutoa pikapu ya briji (pale nyuzi zinapofungwa mwilini) nitie hambaka, pikapu ya koili mbili, na kuna jamaa auza pedali ya geti, ile yafunga sauti ukiwa hupigi, imetumika kidogo. Ipi ipi? Chuma cha kulehemia ninacho na mita ninayo, kazi ntafanya mwenyewe.

kwaya_changamwe
Geti bro, usijisumbue. Mimi niko nayo tangu mwaka jana kanisani, unaseti kile kinobu, ukiacha kupiga inafunga, kimya kabisa, hata pasta aliuliza nimefanya nini. Haufungui gitaa, haulehemu, na ukiuza gitaa unabaki nayo. Foili ni kazi ya siku nzima alafu waya zikikatika ndani unaanza kulia.

Pia kama unataka ya bure kabisa, sisi tulitoa ule waya wa athi, wa kwenda ardhini, kwenye plagi ya ampu moja na ngurumo ikapungua sana. Jaribu kwanza hiyo kabla utumie pesa.

FundiMajengo
Bin_Tudor usithubutu hiyo ya athi, na wewe kaka wa Changamwe nakuomba leo kabla ya mazoezi ya jioni rudisha huo waya. Sikilizeni. Nyuzi za gitaa zimeungwa na briji, briji imeungwa na jeki, jeki na kebo, kebo na bodi ya ampu. Kwa hiyo mkono wako ukiwa kwenye nyuzi ni kama umeshika bodi la ampu lenyewe. Ndani ya ampu kitu kikivuja, moto wa 240 waja kwenye nyuzi, wewe umeshika nyuzi na midomo iko kwenye maiki ambayo yenyewe ina athi ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), stima yapita hapo kifuani. Ule waya upo ili fyuzi ikatike badala yako. Kelele ya namna hiyo yatoka kwa sababu ampu imechomekwa soketi moja na mikisa soketi nyingine mbali, zote zina athi, zafanya mzunguko. Chomeka zote ekstensheni moja, na iwe yenye athi kweli kweli maana zipo za kwetu sokoni ile pini ndefu imewekwa kama pambo, ndani hakuna waya. Ama tumia DI boksi, kile kiboksi cha kuunganisha gitaa na mikisa, yenye swichi ya kuinua athi, yaani kuikata; hiyo yakata athi ya waya wa sauti, si ya stima.

Sasa turudi kwa swali. Mimi nasema bado ni mapema kuchagua, maana umetaja kelele mbili, nnnn na zzzz, na dawa zake si moja. Fanya hivi ukiwa nyumbani: voliumu full, usipige, simama palepale ujizungushe taratibu kama wazunguka na gitaa. Halafu shika nyuzi, uachilie, ushike. Halafu weka swichi ya pikapu nafasi ya 2 na ya 4, zile za pikapu mbili pamoja. Leta majibu.

kwaya_changamwe
Eh. Sawa fundi nimesoma. Waya unarudi leo.

DadaBesi
Afadhali! Mimi nlishaona mtu akitupwa hatua mbili nyuma jukwaani kwa mambo hayo hayo.

Kuhusu geti, kaka wa Changamwe, kanisani wewe wapiga na ovadraivu muda wote, hapo yafaa. Lakini huyu apiga bango. Gitaa la bango ni safi, noti yaachwa imalizike pole pole chini ya saksofoni, geti itakuja imkatie mkia wa kila noti, na ukilegeza ili isikate mkia, kelele nayo yapita. Tena geti haiondoi kelele, yafunga mlango tu ukiwa hupigi. Ukipiga kelele iko palepale imejificha nyuma ya noti.

Na ngoja niwape kipimo cha sisi watu wa besi. Stima ya hapa Kenya ni hezi 50. G ya freti ya tatu kwenye nyuzi nene ya besi ni 49, na kwenye gitaa G ya mahali palepale ni 98. Sasa piga hiyo G halafu sikiliza mngurumo, ukiwa juu yake kidogoo tu basi ni stima, ile 50 yenyewe ama 100 ambayo ni mara mbili yake. Hiyo 100 mara nyingi nimeikuta kwa adapta mbovu ya pedali. Chomoa pedali zote, ingia moja kwa moja kwa ampu, uone.

Bin_Tudor
Haya nimejaribu, shukran sana. Pedali nilichomoa, hakuna tofauti kubwa. Nikijizungusha ile nnnn yapanda na kushuka, kuna upande nikielekea dirishani yapotea kabisa, lakini ile zzzz haijali. Nikishika nyuzi zzzz yapungua sana karibu nusu. Nafasi ya 2 na 4 nnnn yaisha, zzzz yabaki. Na kuna kitu cha ajabu, mke wangu alikuja akaongeza panka, zzzz ikapungua! Akairudisha chini ikapanda. Yaani panka ikiwa ya mwisho kabisa kelele karibu hakuna, ikiwa katikati ndiyo balaa.

FundiMajengo
Hahaha hapo mke kakusaidia kuliko sote. Hiyo regyuleta ya panka ni ile ya kinobu cha kuzungusha laini, si ya hatua hatua sivyo? Ndani yake kuna triaki, swichi ya kielektroniki, ili kupunguza mwendo yaikata stima kipande kila nusu ya wimbi, mara 100 kwa sekunde, na kila ikikata yatoa cheche za redio kwa waya wote wa nyumba. Ikiwa full haikati tena ndiyo kelele yatulia. Dima za taa ni mtindo uleule na balbu za LED za bei ya chini nazo hazina adabu. Sasa Mombasa mwezi wa pili nani atazima panka? Badilisha regyuleta ile ya hatua yenye kapasita, hiyo haikati wimbi, na bei yake ni ndogo kuliko hivyo vitu vyako vyote vitatu.

Majibu yako ni hivi. Ile zzzz ni kelele ya hewani, mwili wako waidaka kama eriyo ya redio na waipa gitaa. Ukishika nyuzi mwili waenda kwa athi, ndiyo yapungua, na hiyo pia yaonyesha waya wa briji uko sawa. Ingelikuwa yaongezeka ukishika, ningekwambia jeki imelehemiwa kinyume ama athi hakuna. Dawa ya zzzz ni foili. Ile nnnn yenye kubadilika ukizunguka ni ya sumaku, yatoka kwa transfoma, hiyo shaba haiizuii hata ubandike gitaa zima. Dawa yake ni koili mbili.

Mzee_Nyuzi
Vijana salaam. Nimesoma nikafurahi, hayo ya koili mbili hayakuanza jana, Seth Lover wa Gibson aliyafanyia kazi mwaka 1955, koili moja yazungushwa hivi na ncha moja ya sumaku, nyengine kinyume na ncha ya pili, mngurumo waingia pande mbili tofauti wajifuta, sauti ya nyuzi yaongezeka. Na Bin_Tudor tayari anayo hiyo bure! Nafasi ya 2 na 4 mngurumo wake waisha kwa sababu pikapu ya kati imezungushwa kinyume. Bango lote na rumba lote lapigwa hapo, nafasi ya 4, shingo na kati. Mimi hapo ndipo nyumbani kwangu.

Kwa hivyo hambaka ya nini? Ukitia hambaka nene kwenye briji umepoteza ule ukali wa Strat, tena poti za Strat (zile za vinobu vya voliumu na toni) ni ohm 250k, hambaka yataka 500k la sivyo sauti yawa nzito imefunikwa. Pia utatoboa pikgadi, ile plastiki ya mbele. Kuna zile nyembamba zenye umbo la singo koili, hizo zaingia bila kukata, lakini nzuri zake ukiagiza na ushuru juu, hesabu mwenyewe, kopi ya Strat wanunua nyengine.

kisauni_metal
Mzee heshima yako lakini si kila mtu hupiga rumba 😂 sisi tunaopiga na gain, ovadraivu kali, hambaka ni lazima. Bin_Tudor akitaka ovadraivu kwenye briji, nafasi ya 2 haimsaidii. Mimi nlitia ile nyembamba, poti nikabadilisha voliumu peke yake ikawa 500k, sijajuta. Shida tu rangi za waya, ziko nne na kila kampuni na mpango wake, usifuate picha ya kampuni nyingine.

Mzee_Nyuzi
Wewe na gain yako, mngurumo utausikia saa ngapi.

DadaBesi
😂😂 Bin_Tudor wewe nenda foili. Mimi besi yangu nimeipiga foili mwenyewe, ntakwambia penye kazi. Ile ya aluminiamu ya jikoni yafanya kazi, watu wasikudanganye, ila risasi ya kulehemia haishiki kwayo, itabidi waya ubanwe na skurubu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi pale kwenye skurubu baada ya muda kunaingia unga mweupe na mguso wapotea. Shaba yageuka kijani juu lakini kiungo kilicholehemiwa chabaki. Nunua yenye gundi inayopitisha stima, na hata ukiambiwa yapitisha usiamini, kila kipande kinapokutana na kingine tia doti ya risasi. Ukimaliza shika mita, waya mmoja pembe hii na mwengine pembe ile, ikilia bip umeshinda. Foili ipande kidogo juu ya ukingo wa shimo, ndipo pikgadi iliyobandikwa foili chini yake ikikaa ziguse.

Na kabla hujafungua chochote piga picha za waya kwa simu. Nyingi.

FundiMajengo
Naongeza. Pale nyuma kwenye springi kuna ile kucha ya chuma yenye waya wa athi, ukiutoa kurudisha ni vita, kile chuma chala moto wote. Chuma cha kulehemia cha wati 25 kitakutoa jasho bure, tafuta cha 40 kwenda juu, kwanza usugue kucha na msasa mpaka ing'ae. Ukirudisha pima kutoka briji mpaka ganda la jeki, mita isome karibu na sifuri. Halafu chomeka kebo, voliumu full, pima ncha na ganda la upande wa pili, kila pikapu kama elfu tano mpaka saba hivi ohm. Ukiona imeandika OL kuna waya umeachia.

kwaya_changamwe
Na poti zake kama zinakwaruza je? Zangu ukizungusha ni krrrk krrrk, hiyo foili inasaidia?

FundiMajengo
Hapana, hiyo ni uchafu na kutu ndani, Pwani ni kawaida. Spray ya kusafishia kontakti, si ile ya kulegeza nati, ingiza kwa kile kitundu cha poti, zungusha mwanzo mpaka mwisho mara nyingi. Ikirudi wiki hiyohiyo nunua poti mpya usihangaike.

Bin_Tudor
Basi nimeelewa. Naanza na regyuleta ya panka, halafu foili ya shaba, hambaka nyembamba nitaiweka akiba mpaka hoteli walipe ya Desemba. Samahani kwa yule wa geti. Swali la mwisho, foili ndani ya shimo la jeki pia nibandike ama niache?

DadaBesi
Bandika, ila ukimaliza weka tepu ya umeme juu ya foili pale mbele ya ule ulimi wa jeki, ukichomeka kebo ule ulimi huruka nyuma. Huo ulimi ukigusa foili gitaa litanyamaza kimya, na wewe utasherehekea ukidhani limepona.