Traidenti: Mangi aongeze bahati, au kila mtu atoke jasho lake?

Mangi wa Seva: Wakuu, habari za jioni. Nimechoka kutumiwa meseji za pembeni, tuongee hapa hapa. Kwenye dunia yetu ya gemu la Minecraft tuko watu 14, traidenti (ule mkuki wa meno matatu) zipo 2 tu, na zote ziko kwa watu wenye intaneti ya nyumbani. Ile silaha haitengenezeki mezani. Sisi tunaitafuta kwa zombi wa majini: umkute aliyeishika, umuue, na akifa awe na huruma ya kuidondosha. Kuna dogo kaniomba niongeze uwezekano wa kuipata. Kwangu ni kazi ya faili moja. Niongeze au niache? Kura mwisho Jumapili.

Chalii wa Sakina: Acha kama ilivyo. Yangu nimeihangaikia wiki tatu, usiku kucha nazama mtoni natoka, nimekufa mara sijui ngapi. Leo mtu aamke aikute kama pipi? Hiyo ni sawa na kumpandisha mtu Kilimanjaro kwa helikopta halafu ukampa na cheti.

Dogo Majengo: Shikamooni. Dogo mwenyewe ni mimi. Mimi sina kompyuta, nachezea sehemu ya gemu hapa Moshi, saa moja buku. Napata saa mbili kwa wiki, Jumamosi. Wiki iliyopita nilimpata mmoja ameishika kweli, akanirushia ikanikosa, ikachoma kwenye mchanga. Nikajua nimeula. Nikaifuata, naipita juu, narudi, haiokoteki. Nikamwita kaka wa pale nikamwambia mashine yako mbovu. Alicheka mpaka wengine wakageuka kuniangalia. Kabla sijamuua yule zombi umeme ukakatika. Hela hairudishwi.

Mwalimu wa Namba: Marahaba Dogo. Mashine ilikuwa nzima, anayorusha zombi huwa haiokotwi na mchezaji. Unangoja afe. Sasa tuweke namba mezani maana naona watu wanaongea kwa hisia. Toleo letu ni Java, lile la kompyuta. Zombi wa majini wanaozaliwa wenyewe, wanaoshika traidenti ni asilimia 6.25, yaani 1 kwa 16. Huyo ukimuua, uwezekano wa kuidondosha ni asilimia 8.5. Zidisha: kama 1 kwa 188. Upanga ukiwa na Looting 3, ule uchawi wa kuongeza vinavyodondoshwa, ile 8.5 inakuwa 11.5, unashuka hadi kama 1 kwa 139. Na msidhani ukifikisha 188 unadai haki yako. Watu 100 wakiua 188 kila mmoja, karibu 37 watarudi mikono mitupu. Kwa saa mbili za wiki, fanyeni hesabu wenyewe.

Meku Kiboriloni: Chalii, mlima umeingiaje hapa? Watu wa Arusha kila mkitaka mfano mnaazima mlima wetu. Si mna Meru? Utumieni.

Chalii wa Sakina: Mlima wenu, lakini wageni wanalala kwetu 😂

Meku Kiboriloni: Wanashukia uwanja wa ndege wa KIA, na KIA iko Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Kwenu wanapitia kununua vinyago.

Simu Tu: Samahani, mimi kwenye simu niliwahi kuona ni 15. Mwalimu hiyo 6 ameitoa wapi?

Mwalimu wa Namba: 15 ni ya Bedrock, ndiyo hiyo ya kwenye simu. Na ni ya wanaoishika, siyo ya wanaodondosha. Usichanganye.

Fundi Njiro: Mwalimu hesabu zako nazitilia shaka. Mimi nilikuta kizimba kinachozalisha zombi pangoni, nikafungulia maji. Wanazama nusu dakika, wanaanza kutetemeka, sekunde kama 15 hivi wanageuka wa majini. Nimewaua zaidi ya 2,000 kwa siku nne, mke wangu ananiuliza hiyo kazi inalipa lini. Kwa 1 kwa 188 ningekuwa nazo kumi. Nina masanduku mawili ya nyama iliyooza na shaba. Mangi, seva yako ina tatizo.

Mwalimu wa Namba: Soma tena, nimeandika "wanaozaliwa wenyewe". Zombi wa kawaida aliyegeuka baada ya kuzama, kwenye Java hashiki traidenti hata siku moja. Ungewaua milioni ingekuwa vile vile.

Meku Kiboriloni: Yeleuwi! Kumbe Njiro kumefunguliwa mgodi wa shaba na sisi hatuna habari.

Fundi Njiro: Cheka tu. Wewe una ngapi?

Meku Kiboriloni: Sina hata moja mbe, lakini na mimi sijakesha siku nne nikiua maiti za bandia.

Chalii wa Sakina: Meku umeongea mlima wetu mlima wetu, hebu tuambie, umeshawahi kuupanda?

Meku Kiboriloni: Naamka nauona kila asubuhi.

Chalii wa Sakina: Hata kuku wa kwenu anauona.

Meku Kiboriloni: Sasa hapo umevuka mpaka. Mangi, hii ni mada ya traidenti au ya kutukanana ukoo?

Simu Tu: Kumwita mtu kuku siyo tusi la ukoo.

Meku Kiboriloni: Nani kakuuliza?

Baba Nai: Vijana, mimi huwa nasoma tu siandiki, ila huu mlima mnaouvuta huku na huku mimi ndio ninaoulia ugali. Ni mpagazi. Nimepanda mara 31. Njia ya Machame wageni wanalala kwenye mahema, na hayo mahema nimeyabeba mimi, kilo 20, ndiyo mwisho wanaoturuhusu. Njia ya Marangu wanalala kwenye vibanda vyenye vitanda, Mandara, Horombo, Kibo, hata kiti cha kukalia chakula kipo. Hakuna mgeni wa Machame aliyewahi kumwambia wa Marangu kwamba wewe hukufika Uhuru kwa sababu ulilala kitandani. Huyo Dogo mpeni anachoomba, mnamzungusha.

Chalii wa Sakina: Heshima yako Baba Nai. Ila swali dogo. Hizo mara 31, kileleni Uhuru umefika mara ngapi?

Baba Nai: Mpagazi haendi kileleni. Usiku wa kupanda wanaondoka na waongozaji, sisi tunabaki kambi ya Barafu na mahema. Wakirudi asubuhi wanakuta uji.

Chalii wa Sakina: Kwa hiyo hujafika.

Baba Nai: Sijafika.

Simu Tu: Chalii hiyo haikuwa lazima.

Chalii wa Sakina: Nimeuliza swali, nimejibiwa. Kwani kuna kosa gani? Ndicho ninachosema tangu mwanzo, kufika ni kufika na kutofika ni kutofika.

Fundi Njiro: Chalii, kwa kuwa leo tunaulizana maswali. Hizo wiki tatu za jasho lako, ulikuwa unapigana na upanga gani?

Chalii wa Sakina: Upanga wa almasi.

Fundi Njiro: Wenye nini?

Chalii wa Sakina: Hilo halihusiani.

Fundi Njiro: Wenye Looting 3. Nilikuazima mimi, mbele ya nyumba yako ya mawe, Mangi akiwepo. Mwalimu kasema hapo juu, 188 inashuka hadi 139. Ndiyo maana mgodini kwangu nimepigana na upanga mtupu, chuma, kila zombi mapigo matatu manne. Mkichekana chekaneni mkijua hilo.

Mwalimu wa Namba: Hata ungekuwa nao usingepata traidenti kule, nimeshaeleza.

Fundi Njiro: Mwalimu nakuheshimu, lakini sizungumzi na wewe.

Meku Kiboriloni: 🍿

Mwalimu wa Namba: Kama kuna anayetaka shamba la kweli, atafute mto au bahari wanakozaliwa wenyewe, na ahakikishe anawapiga kwa mkono wake. Wakifa kwa kuanguka tu bila kuguswa na mchezaji, hawadondoshi walichoshika. Nikiwa na muda nitaeleza namna ya kujenga.

Simu Tu: Mwalimu, hivi kwenye simu nako ni hivyo hivyo?

Chalii wa Sakina: Baba Nai upo? Nimesoma tena nilichoandika. Sikuwa na maana mbaya mzee wangu.

Chalii wa Sakina: Baba Nai?

Meku Kiboriloni: Amepanda mlima.

Mangi wa Seva: Jamani leo ni Jumamosi usiku. Kura zilizopigwa ni 3. Ndiyo 1, Hapana 1, na ya tatu imeandikwa "Meru". Meku nakujua mwandiko. Dogo hajapiga hata ya kwake.

Simu Tu: Dogo saa zake ziliisha jioni. Nilimwona saa kumi amesimama mtoni, halafu akapotea.

Mangi wa Seva: Basi tunasogeza hadi Jumamosi ijayo, saa ambazo Dogo yupo. Hakuna kingine?

Chalii wa Sakina: Fundi, hizo shaba bado unazo? Naezeka ile nyumba ya mawe, nataka paa ligeuke kijani taratibu.

Fundi Njiro: Zipo. Unataka ngapi?

Chalii wa Sakina: Hata 200.

Fundi Njiro: Rudisha upanga kwanza.