Kuvuta gari ya otomatiki Mkoani hadi Chake

Muulizaji: Asalaam alaykum wakubwa. Vitz yangu ya otomatiki imezima hapa Mkoani, Pemba, karibu na bandari, haiwaki kabisa. Jirani ana Land Cruiser na kamba. Tuivute mpaka Chake Chake?

Fundi, Wete: Waalaykum salaam. Ndugu yangu, usiivute matairi yote yakiwa chini! Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizima, giaboksi inasagika kavu. Vitz nyingi huendeshwa na matairi ya mbele, basi yanyanyuliwe hayo, au uipakie kwenye lori.

Dereva, Chake: Kuisogeza pembeni tu sawa: gia N (huru), ufunguo uzungushwe ili usukani usijifunge. Breki itakuwa nzito mno, ikanyage kwa nguvu.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Natafuta lori.