Matembezi ya msituni ya taratibu kwa ajili ya mama, Moshi au Arusha: nichague vipi?

Kijana wa Soweto Moshi
Wakuu habari za jumapili. Mwezi uliopita nililipia matembezi ya msituni, nilichotaka mimi ni kuangalia ndege na mbega kwa utulivu, kumbe tuko watu kumi na tano na muongozaji anakimbiza kama tunawahi basi. Mbega wawili wakakaa juu ya mti kabisa, ile mikia myeupe inaning'inia, nikamwomba tusimame kidogo akasema tutachelewa maporomoko. Iliniuma sana. Sasa mama anakuja kutoka Singida, ana miaka 63, goti moja linamsumbua na anapenda ndege kuliko kitu chochote. Niulize nini kabla sijatoa hela?

Fundi njia
Pole sana ndugu yangu. Mi kazi yangu ni kuongoza watu na hili naliona kila wiki. Kuzunguka msituni masaa mawili wanaita matembezi, na kutoka geti la Marangu la mlima Kilimanjaro mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720, halafu unashuka siku hiyohiyo nayo wanaita matembezi! Usianze na bei. Uliza mtakuwa wangapi, nani anapanga mwendo, na kama bei ina kiingilio ndani. Halafu mwambie muongozaji nina mama goti linamuuma, nyamaza usikilize, asipokuuliza linauma akipanda au akishuka huyo achana naye. Materuni, kule kwenye maporomoko juu ya Moshi, ni pazuri ila kuna miteremko na mvua ikinyesha ule udongo unateleza vibaya, kwa mama mimi nisingeshauri.

Dada wa Tengeru
Mlete ziwa Duluti huku Arusha jamani. Njia inazunguka ziwa ndani ya msitu, hakuna mlima wa kutisha, furukombe, yule tai anayekula samaki, utamsikia kabla hujamwona, mdiria anakaa kwenye tawi juu ya maji ametulia tu halafu anajitupa puu anaibuka na samaki. Nilimpeleka shangazi yangu tukakaa sehemu moja karibu nusu saa na muongozaji hata hakuangalia saa. Mje asubuhi sana.

Mzee Usa
Hifadhi ya Arusha nayo msiisahau, unatembea kwa miguu twiga wako hapo hapo, na kwenye maziwa ya Momella kuna flamingo. Ila lazima muwe na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kwa hiyo pa kusimama anaamua yeye na mnatakiwa kumsikiliza. Kama mama anataka kukaa chini aangalie ndege mmoja mpaka aridhike, dada hapo juu yuko sahihi. Au msitu wa Rau hapo hapo Moshi, ni tambarare na mbega wapo.

Kijana wa Soweto Moshi
Asanteni sana wakuu. Nimempigia mama sasa hivi, anasema goti linauma akishuka, kupanda halina shida, na miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Tunaanza na Duluti. Dada wa Tengeru, geti wanafungua saa ngapi, na darubini naweza kukodisha hapo au nitafute huku Moshi?