Tupeane uzoefu: sindano na maji ya kuchanganyia dawa mnavinunua wapi Nairobi?

Mlezi wa Umoja: Baba ameruhusiwa kurudi nyumbani na vichupa vya seftriaksoni ya unga, ile antibiotiki ya kudungwa, na muuguzi atakuwa akija kumdunga, ila vifaa nimeachiwa mimi nivinunue. Leo nimemwona muuzaji akichomoa bomba la sindano kutoka kwenye kopo lililo wazi juu ya kaunta, nikaondoka bila kuaga. Nyinyi mnafanyaje?

Bi. Sukari: Pole kwa kuuguza. Mimi hununua insulini na mabomba yake katika duka moja tu, ambalo cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu kimetundikwa ukutani na mfamasia mwenyewe yupo. Pakiti huibinya kwanza. Ikitoa hewa, au karatasi yake ikiwa na alama ya maji, huirudisha hata kama tarehe haijapita.

Mzee wa Kariokor: Zamani tulichemsha bomba la kioo kwenye sufuria na maisha yakaendelea. Maji yaliyochemka ni maji safi, msitajirishe wenye maduka.

Muuguzi Mstaafu: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubali. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ilhali mtambo wa mvuke wa hospitali hufikisha nyuzi 121 kwa dakika 15, kwa sababu ziko mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa.

Mzee wa Kariokor: Marahaba. Hata hivyo hatukumzika mtu kwa ajili hiyo.

Muuguzi Mstaafu: Majipu ya matakoni tuliyoyapasua wodini hukuyaona.

Dada wa Kawangware: Mmenikumbusha jambo ambalo hadi leo hunikosesha usingizi. Mama alikuwa akitumia dawa hiyohiyo ya unga kupitia mshipa, na maji yalipotuishia jioni, kaka yangu akakimbilia duka la karibu, akarudi na ampuli ndogo alizoambiwa kuwa ndizo zinazoendana na dawa hiyo. Muuguzi alivunja shingo ya ampuli, akavuta, akaingiza kwenye kichupa, akakitikisa mpaka unga ukayeyuka, na tayari alikuwa ameushika mkono wa mama aliposita, akaiokota ile ampuli na kuigeuza kwenye mwanga wa taa. Ilikuwa lignokaini, dawa ya ganzi, ambayo huchanganywa na seftriaksoni inapodungwa kwenye msuli peke yake. Ikiingia mshipani yaweza kuleta degedege au kuvuruga mapigo ya moyo. Alimwaga vyote, akaketi chini sakafuni, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Bi. Sukari: Mwili umenisisimka. Nimeamka kwenda kusoma maandishi ya ampuli zetu.

Kijana wa Ngara: Litaje duka hilo. Kulificha ni kuwahatarisha wengine.

Dada wa Kawangware: Malalamiko nimeyapeleka panapohusika. Hapa silitaji.

Kijana wa Ngara: Basi sote tuyaogope maduka yote.

Mlezi wa Umoja: Jamani, msigombane, mie bado sijanunua kitu. Je, niende River Road kwa wauzaji wa jumla?

Kijana wa Ngara: Nenda, bei ni nafuu na katoni huja imefungwa.

Bi. Sukari: Usiende. Katoni nzima ya nini kwa mgonjwa mmoja? Nunua palepale alipoandikiwa dawa, ukiwa na cheti cha daktari mkononi.

Mzee wa Kariokor: Au muoe mfamasia.

Muuguzi Mstaafu: Popote utakapokwenda, omba maji ya sindano yaliyoandikwa hivyo, katika ampuli ya matumizi ya mara moja, na yanayobaki uyamwage. Ukipewa dripu ya Ringer kwa kuwa maji yamekwisha, ikatae, kwani ina kalsiamu, nayo huganda ikikutana na seftriaksoni. Mweleze muuzaji pia kama ni ya mshipa au ya msuli.

Mlezi wa Umoja: Ahsante, shangazi. Na sindano zilizotumika nizitie wapi, maana mwenye nyumba hataki kuziona kwenye taka?

Muuguzi Mstaafu: Kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, bila kuzirudishia vifuniko vyake, kisha mpe muuguzi wako alipeleke kwenye kituo chake.