Msaada wakuu: naenda Iceland mwezi wa sita, nguo gani nibebe na hela kiasi gani?

Kijana wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Niende kwenye mada. Kazini wananipeleka Milan kwenye maonyesho ya mashine mwezi wa sita, nikimaliza nimeona niunganishe na Iceland kutembea maana Ulaya sijui ntarudi lini. Toka shule natamani kuona zile taa za kijani angani, halafu nikodi gari nizunguke kisiwa chote. Nibebe nguo gani, na hela ya kula isipungue ngapi kwa siku? Usingizi sipati kwa mawazo. Ushauri wa kistaarabu tafadhali, kejeli sitaki.

Mtu wa Makete: Baridi isikutishe dogo. Kwetu huku mwezi wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani na watoto wanaenda shule na kandambili. Mimi mwenyewe nilipopelekwa Dar kusoma ndo nikaumwa, joto lile nikawa nalala sakafuni, mjomba akadhani nimerogwa akaniletea mtu wa maombi. Beba sweta mbili inatosha.

Kuku Chotara: Hela ya kwenda kuangalia barafu si ungejenga banda? Vijana wa siku hizi mna shida.

Mbeba Boksi: Mkuu nipo Norway, Iceland nimefika. Taa hizo mwezi wa sita sahau kabisa. Zinataka giza, na huko giza la maana linarudi mwishoni mwa mwezi wa nane mpaka katikati ya mwezi wa nne hivi. Juni jua linazama kama saa sita usiku na saa tisa limeshachomoza, katikati hapo unasoma gazeti nje bila taa. Sweta za Makete peke yake hapana, chukua koti la kuzuia upepo na mvua, upepo wa kule ukifungua mlango wa gari bila kuushika unang'oka, na bima nyingi za magari ya kukodi hilo hazilipi. Maji usinunue, ya bomba baridi ni safi, ya moto yananuka yai viza kwa sababu ya kiberiti cha ardhini ila hayana shida. Chakula nunua supamaketi ya Bónus, nembo yake nguruwe wa pinki. Kuzunguka kisiwa ni zaidi ya kilomita 1,300. Una siku ngapi?

Mama Salha: Nguruwe tena 🙄 Na hiyo Isha mtu anaiswali saa ngapi jua lisipozama?

Kijana wa Mbagala: Asante mkuu Mbeba Boksi. Iceland siku nane hivi. Kuhusu taa nimesikia kuna watu wanabahatisha.

Mbeba Boksi: Hakuna anayebahatisha Juni. Visa unayo? Imeandikwa siku ngapi?

Kijana wa Mbagala: Visa ipo, ya Italia, inaisha tarehe 3 Julai. Turudi kwenye nguo wakuu.

Nyamizi: Nguo ndo hutazihitaji kwenye mabwawa yao 😂 Kabla ya kuingia bwawa la umma unaoga na sabuni bila nguo, mko wote humo bafuni, wanaume kwa wanaume, na kuna mhudumu anaangalia kama umejisugua. Dada yangu aliingia na kanga akarudishwa.

Mama Salha: Astaghfirullah. Na watu wanalipia.

Mbeba Boksi: Sikuulizi inaisha lini. Siku NGAPI?

Babu Chenga: Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Anaenda kuangalia taa za usiku mwezi usiokuwa na usiku, na ID hii hii wiki iliyopita ilikuwa inauliza bodaboda za mkopo. Mtu wa bodaboda za mkopo ana kisiwa cha kuzunguka?

Kuku Chotara: Nilijua tu. Chai ya tangawizi.

Kijana wa Mbagala: Bodaboda ni ya mdogo wangu!! Haya angalieni wenyewe, jina nimelifuta. [picha ya visa]

Babu Chenga: Picha hata mimi naweza kuitoa gugo.

Mbeba Boksi: Ya gugo au si ya gugo, mimi nimeshaona. Kutoka 9 Juni mpaka 3 Julai, kuingia mara moja, siku 10. KUMI. Huo muda mrefu ni nafasi tu wamekuachia kama safari ikisogea mbele. Ukishaingia unahesabiwa siku, ya kufika na ya kuondoka zote ndani. Kurudi lini?

Kijana wa Mbagala: Naingia tarehe 9, natoka 21. Lakini Iceland haipo Umoja wa Ulaya kwaiyo nilidhani siku za kule hazihesabiki. Tiketi nimeshalipa na ni zile zisizorudishwa hela. Siku tatu tu jamani nani atajua?

Mbeba Boksi: Haipo Umoja wa Ulaya, ila Schengen ipo, yaani zile nchi zinazotumia visa moja, siku zinahesabiwa kwa pamoja. Na sasa hivi mpakani wanachukua sura na vidole, kompyuta ndo inahesabu. Kazini wanajua?

Kijana wa Mbagala: Kazini wanajua narudi 14. Hapo ntajitetea mwenyewe.

Nyamizi: Uwiii. Na barua ya mwajiri kwenye maombi ya visa ilisemaje?

Kuku Chotara: Huyu anazamia. Halafu sisi wafanyabiashara wa kweli tukienda kuomba tunanyimwa kwa sababu yenu.

Kijana wa Mbagala: SIZAMII. Nina mke na mtoto. Nimejinyima kwa ajili ya hii safari.

Mbeba Boksi: Basi lipa faini ya kubadilisha tiketi, toka 18, na ongea na kazini kabla hujapanda ndege. Kisiwa chote utakikosa ila bonde la Þingvellir, chemchemi za moto za Geysir na maporomoko ya Gullfoss ni siku moja, ufukwe wa kusini siku mbili. Pale Reynisfjara usiyape mawimbi mgongo, yanavuta watu. Na tarehe 17 utakuwa Reykjavík, ni sikukuu yao, jamhuri waliitangaza Þingvellir siku hiyo 1944. Kurudi usipitie London, ukitoka Schengen huingii tena na visa hiyo, halafu Uingereza wana visa yao.

Kijana wa Mbagala: Wakala anasema faini ni dola 210. Mbona Milan sitaki kupunguza... ngoja nione. Je nikienda balozi kuomba waniongezee siku tatu?

Mbeba Boksi: Ukishaingia, kuongeza ni kwa dharura, kama umelazwa au ndege hazipai. Taa za kijani siyo dharura.

Babu Chenga: Mkimaliza kuigiza mtuambie.

Mtu wa Makete: Mkuu hiyo kampuni ya mashine inaajiri? Nina diploma ya umeme na passport mpya haijagongwa hata muhuri.