Naomba ushauri: hojaji za mwenzetu wa kikundi zinanitia mashaka, na ripoti inakaribia kuwasilishwa

Mwanafunzi wa Kusini (mwenye uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Unguja, na naomba ushauri wa wenye uzoefu wa utafiti, hasa waliowahi kufanya kazi ya kikundi inayobeba maksi za pamoja.

Tuko watano. Utafiti wetu unahusu wanawake wanaolima mwani Jambiani. Tunataka kujua kwa nini wengi waliiacha cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, wakabaki na spinosum, aina nyingine ambayo bei yake ni ya chini lakini inastahamili zaidi maji yanapopata joto, na mabadiliko hayo yameathiri vipi mapato ya nyumba zao. Orodha tuliyoikusanya kwa msaada wa masheha ilikuwa na wakulima 400, na kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa idadi ya wahojiwa, tukichukua kiwango cha makosa cha asilimia 5, tulihitaji wahojiwa 200. Tuligawana sawa, hojaji 40 kila mmoja.

Nimepewa kazi ya kuingiza majibu kwenye kompyuta, na hapo ndipo shida ilipoanza. Hojaji za mwenzetu mmoja zinafanana mno. Hakuna mhojiwa wake hata mmoja aliyejibu "sijui", ilhali kwenye hojaji za wengine jibu hilo limejaa. Miaka ya kuanza kilimo karibu yote inaishia na 0 au 5. Sababu za kuacha cottonii zimepangwa kwa mfuatano ule ule, fomu baada ya fomu. Juu ya hayo, fomu nyingi zimeandikwa saa 10:00, nyumbani kwa mhojiwa, katika siku za bamvu. Aliyekulia pwani ya mashariki anajua kwamba wakati wa bamvu maji hukupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na saa hiyo mkulima wa mwani yuko shambani kwake baharini, si nyumbani.

Mwenzetu huyu anafanya kazi hotelini usiku ili alipe ada, na mwaka wa kwanza ndiye aliyenifundisha takwimu kwa subira kubwa. Wengine kikundini hawajaona nilichokiona. Nimejifunza mengi katika utafiti huu: namna ya kumkabili sheha na barua mkononi, namna ya kunyamaza ili mhojiwa amalize fikra yake, namna mwanamke anavyojibu tofauti akiwapo mume au mnunuzi. Lakini sikufundishwa la kufanya pale shaka inapokuwa ndani ya kikundi chenyewe. Je, nizitoe hojaji hizo kimya kimya? Nimuulize? Au niende moja kwa moja kwa msimamizi?

Jirani wa Bububu

Waalaykum salaam dada. Mimi ningekushauri uiache ilivyo. Ukilifungua jambo hili wiki chache kabla ya kuwasilisha, mtaharibikiwa nyote watano, na yeye huenda akakosa ada aliyoihangaikia usiku kucha. Hii ni ripoti ya mwaka wa tatu, wala hakuna sera itakayotungwa kwa ajili yake.

Mtakwimu wa Wete

Kaka yangu wa Bububu, nia yako ni njema lakini siwezi kukubaliana nawe. Wakulima waliohojiwa kwa ukweli walitoa muda wao, na majibu yao yatachanganywa na majibu ambayo huenda hayakutolewa na mtu. Tena ripoti za wanafunzi husomwa na wanafunzi wanaofuata, ambao huzinukuu bila kujua zilipatikanaje.

Hata hivyo, dada, nakuomba uishike shaka yako kama unavyoshika nadharia tete yoyote: itafutie ushahidi wa kuipinga kwa bidii ile ile unayoitafutia ushahidi wa kuiunga mkono. Chukua dalili zako moja moja. Miaka inayoishia na 0 au 5 si ushahidi wa kughushi. Watu wazima duniani kote hukadiria hivyo, na watakwimu wa sensa huliona jambo hilo katika umri kila wanapohesabu watu. Kukosekana kwa "sijui" kunaweza kuwa ni tabia ya mhoji anayemsukuma mhojiwa mpaka ataje kitu. Hilo ni kosa la uhoji, lakini si uongo. Mfuatano ule ule wa sababu ndio unaonishughulisha zaidi, na hata huo una maelezo zaidi ya moja.

Linaloweza kukupa jibu ni kuhoji upya. Msirudie fomu zake peke yake, kwa sababu hata mtu aliyehojiwa kwa uaminifu kabisa hatajibu kila kitu sawasawa mara ya pili, na bila kujua tofauti ya kawaida ni kiasi gani, hutajua tofauti ya kwake inamaanisha nini. Pigeni kura mchague fomu kumi kumi kutoka kwa kila mmoja wenu, nawe ukiwemo, na anayerudi kuhoji asiwe yule aliyehoji mwanzo. Ulizeni kwanza kama kuna mtu aliyewahi kuja kumhoji. Kisha ulizeni mambo yasiyobadilika: alianza kulima mwaka gani, aliwahi kulima cottonii au hakuwahi, nyumbani kwake wanaishi watu wangapi. Msipime kwa swali la mapato, kwani mapato ya mwani hupanda na kushuka na mtu husahau.

Kuhusu kuzitoa kimya kimya, hapana. Kwa hesabu ile ile ya Yamane, ukibaki na wahojiwa 160 kati ya 400, kiwango cha makosa kinapanda hadi karibu asilimia 6.1, na hilo msimamizi yeyote atalikubali likielezwa. Hatari iko kwingine. Ikiwa wahojiwa wake 40 wote wanatoka shehia ya Kibigija, kwa mfano, na wenu wengi wanatoka shehia ya Kikadini, basi kuwaondoa kunaufuta upande mmoja wa kijiji, na hakuna kanuni itakayoufidia. Tazama kwanza walikuwa wapi.

Binti Mkulima

Mama yangu amelima mwani tangu mimi ni mdogo, kwa hiyo naomba nami niseme kuhusu ile saa, kwani naona dada ameitegemea sana.

Ni kweli kwamba siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na wanawake huwa shambani wakifunga na kuvuna. Lakini si wote. Wagonjwa na wazee huwa nyumbani. Kubwa zaidi, umesema fomu imeandikwa 10:00. Je, mlikubaliana mnaandika saa ya namna gani? Wako wanaoandika 10:00 kwa kufuata simu, yaani saa nne asubuhi, na wako wanaoandika 10:00 wakikusudia saa kumi alasiri. Siku za bamvu, saa kumi alasiri maji yamejaa, na kila mkulima yupo nyumbani au kibandani anafunga mbegu. Ikiwa alikusudia saa kumi, basi alichagua wakati ulio bora kuliko wengine wote.

Niongeze jambo ambalo halikuulizwa. Wanawake wa pwani ile wamechoka kuhojiwa. Tangu kilimo hiki kianze kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, wamepita watafiti wengi wenye karatasi, na ni wachache waliorudi kusema walichokiona. Mkirudi kuhoji upya, nendeni mkiwa na kitu cha kuwaeleza, hata kama ni matokeo ya awali tu, na muwaambie wazi kwamba mnahakiki kazi yenu wenyewe. Mama yangu angelipokea hilo kwa heshima kuliko kuulizwa tena maswali yale yale bila sababu.

Mhadhiri Mstaafu

Mwanangu, wenzangu wamezungumzia data vizuri. Mimi nitazungumzia kikundi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka 1913, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aitwaye Max Ringelmann alichapisha matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Aliona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo wastani wa nguvu ya kila mmoja ulivyopungua. Sehemu ya upungufu ule ilitokana na kutokwenda pamoja, yaani kila mtu kuvuta kwa wakati wake. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba sehemu nyingine ni kulegea: mtu hupunguza juhudi pale juhudi yake isipoonekana peke yake. Walionyesha pia kwamba mchango wa kila mtu ukiweza kutambulikana, kulegea huko hupungua sana.

Sasa tazama mlivyojipanga. Kugawana hojaji 40 kila mmoja kunaonekana kuwa ni haki, lakini kuliwaacha mmoja mmoja, kila mtu na fomu zake, bila jicho la mwenzake, mpaka mwisho wa kazi. Mngekwenda wawili wawili, mmoja akihoji na mwingine akiandika, na jozi zikabadilishwa, tofauti zenu za kuhoji zingeonekana mapema. Mngekutana baada ya fomu za mwanzo mkazisoma pamoja, suala la saa lingetatuliwa siku hiyo hiyo. Wako wanaotumia programu ya KoboToolbox kwenye simu, ambayo huhifadhi muda wa kuanza na kumaliza kila hojaji. Nayo inasaidia, ila haiwezi kuchukua nafasi ya kikao cha kusomeana.

Kuhusu mwenzako: muone yeye kwanza, peke yenu, kabla ya kikundi na kabla ya msimamizi. Usiende na hukumu. Mwombe akueleze alivyofanya kazi, siku hadi siku, kisha msikilize mpaka amalize. Usimuulize "ulizijaza mwenyewe?", kwa sababu swali hilo lina majibu mawili tu, na yote mawili yanafunga mlango. Kwa msimamizi mtakwenda, hilo halikwepeki, lakini ni bora mwende nyote mkiwa na maelezo na mpango wa kurekebisha.

Mwanafunzi wa Kusini (mwenye uzi)

Ahsanteni sana, na shukrani za pekee kwa Binti Mkulima, kwani fomu yetu haikuwa na sehemu ya kutaja asubuhi wala jioni, na nilipozitazama fomu za wengine niliona kila mtu ameandika kwa namna yake.

Nimezungumza naye. Alikusudia saa kumi alasiri. Lakini alinieleza jambo jingine ambalo sikulitarajia. Kwa kuwa alitakiwa arudi hotelini jioni, alikuwa anakwenda kwenye vibanda ambako wanawake hukaa pamoja kufunga mbegu kwenye kamba, akiuliza swali moja kwa wote, na akijaza fomu ya kila mmoja hapo hapo. Mmoja akitangulia kujibu, waliobaki wanasema "ndivyo hivyo". Kwenye fomu akaandika "nyumbani" kwa sababu ndilo chaguo pekee lililokuwapo. Watu ni wa kweli na majina yao yamo katika orodha ya sheha, na walitoka shehia zote mbili. Yeye mwenyewe aliamini anaokoa muda bila kuharibu kitu.

Amekubali tuwaeleze wenzetu, na tumekubaliana kuhoji upya kama Mtakwimu alivyoelekeza. Swali langu sasa ni hili: hizi hojaji 40 tunazihesabu vipi? Si za uongo, lakini naona si sawa na zile 160.

Mtakwimu wa Wete

Umeliona vizuri. Hojaji inadhani kwamba kila jibu limesimama peke yake. Wanawake wanane wakijibu wakiwa wamekaa pamoja, huku mmoja akitangulia, huna majibu manane yaliyo huru. Una mazungumzo ya kikundi kimoja. Kwa hiyo usiziingize katika majedwali pamoja na zile 160. Andikeni kwamba uchambuzi wa takwimu umetumia wahojiwa 160, mtaje kiwango kipya cha makosa, na mweleze sababu waziwazi katika sura ya mbinu.

Lakini msizitupe. Kukaa na wakulima kibandani ni mbinu inayotambulika ya kukusanya taarifa, mradi ielezwe kwa jina lake, yaani majadiliano ya kikundi. Mwenzako akae sasa hivi, kumbukumbu zikiwa bado hai, aandike kwa kila kibanda: walikuwepo wangapi, nani alianza kujibu, wapi walitofautiana, wapi mtu alianza kusema akanyamaza. Huo mfuatano wa sababu uliokutia shaka unaweza kuwa ni maelezo ambayo wakulima wamezoea kupeana wenyewe kuhusu kwa nini cottonii ilishindwa, na hilo ni tokeo lenye thamani, hasa mkililinganisha na waliyoyasema wale waliohojiwa mmoja mmoja majumbani.

Sehemu hiyo ya ripoti aiandike yeye. Fomu zake kumi zibaki katika kura ya kuhoji upya kama za wengine, na safari hii kila mhojiwa aulizwe akiwa peke yake. Anayekwenda asipewe majibu ya mwanzo, ili asije akayatafuta bila kukusudia. Chagueni siku za maji mafu, ambapo wakulima wengi hawaendi shambani, na wekeni kwenye fomu mpya nafasi ya kuandika asubuhi, mchana au jioni.