Mrejesho: ile amplifaya ya valvu iliyokuwa ikivuma

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kuhusu amplifaya yangu ya valvu nne za aina ya KT88 (zile taa za kioo zinazokuza sauti): valvu moja ilikuwa ikiiva nyekundu ubavuni, na spika zinavuma hata muziki ukizimwa.

Aliyesema nibadilishe valvu nafasi kabla ya kununua mpya ameniokolea pesa. Wekundu ulibaki kwenye soketi ileile, kumbe valvu ni nzima. Kapasita inayopeleka sauti kwenye soketi hiyo ndiyo ilikuwa ikivujisha umeme. Fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, aliweka nyingine, akapima upya bayasi (kiasi cha umeme unaopita kwenye valvu zikiwa zimetulia). Msijifungulie wenyewe jamani: humo mna volti mia kadhaa, na huweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Mvumo umeisha nusu. Kuchomoa kebo ya dishi kwenye dikoda kuliupunguza sana, ila spika ya kushoto bado inavuma ukiisogelea. Stebilaiza haikusaidia chochote. Ushauri wa kukata waya wa ethi sikuufuata, na sitaufuata.

Aliyeuliza habari za tokeni za umeme: kupasha moto hizo KT88 nne pekee hula wati 40 hivi, muziki ucheze usicheze. Baridi ya Julai, lakini, siisikii.